Babu Yangu Hakuwa Boi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeingia ofisi ya gazeti moja la Kiingereza la enzi za mkoloni, na aliyekalia kiti cha mhariri alikuwa neno. Neno lenyewe ni "boi". Lilikuwa kipande kifupi cha madini ya risasi, kama herufi za kupigia chapa, kimeng'aa kwa kutumika.

"Una miadi?" likaniuliza.

Nikajibu kwamba mimi ni Mwalimu Tabitha Ndahani, na nimefuata habari ya mwaka 1937. Mafuriko yalikata reli karibu na Gulwe. Babu yangu, Chibago Ndahani, kibarua wa reli mwenye miaka hamsini na sita, alikimbia maili mbili kwenye tope akaisimamisha treni ya abiria kwa kupunga shuka lake. Gazeti likaandika kwamba treni ilisimamishwa na boi mmoja. Mbwa wa mkuu wa stesheni, ambaye hakufanya lolote, aliandikwa kwa jina. Bruno.

"Nilikuwa nimelala," akasema Bruno, aliyeketi kwenye benchi la wageni amevaa tai. "Nimewaandikia mara tatu waniondoe. Hawajibu."

Neno halikuona tatizo. "Majina yenu yanapangwa herufi moja moja, yanachosha. Mimi nimemiminwa kipande kimoja. Mpishi, boi. Tarishi, boi. Mwenye mvi, boi. Kazi inakwenda."

"Huyu ana wajukuu," nikasema.

"Boi ni mtoto. Mtoto hana wajukuu. Hebu angalia miguu yako."

Naangalia. Miguu haipo. Sketi inaning'inia yenyewe. Nimekasirika kiasi kwamba nasahau kuogopa.

Ukuta unaondoka na tuko relini, mvua inanyesha. Babu anakuja, tope hadi magotini, kichwa cheupe kwa mvi, na wamemvika kaptula ya shule. Mbele yake wamepangwa wakubwa zake wa kuamkiwa: karani aliyeota ndevu juzi, mtoto wa meneja anayenyonya kidole, na Bruno. Kwa kuwa ni boi, Babu lazima awape shikamoo wote. Karani anaitikia marahaba bila kuinua macho. Mtoto anaitikia bila kutoa kidole mdomoni. Bruno anageuza uso kwa aibu, na kwa hilo nitamheshimu daima.

Wa mwisho kwenye mstari ni mimi. Nimeshafutika hadi mabegani.

"Akikuamkia, wewe itikia tu," linaniambia neno. "Ukiitikia tunachapa, na mambo yanakwisha."

Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja. Mtoto namjua nikimwona. Babu anafungua kinywa, nami namkatiza, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mtu mzima yeyote.

"Babu, naomba nianze mimi. Shikamoo."

Treni imesimama. Abiria wote wamechungulia madirishani. Babu anageuka kunitazama.

"Marahaba, mke wangu," anasema, kwa utani wa babu na mjukuu. "Mbona umekonda? Hawakulishi huko?"

Kaptula inageuka shuka. Miguu yangu inarudi, mmoja baada ya mwingine, ikiwa na tope. Neno linalalamika kwamba gazeti litachelewa.

"Lichelewe," nasema. Nalishika kwa vidole viwili na kumkabidhi Bruno alikalie.

Kwenye meza ya mhariri, ambayo bado ipo kando ya reli, navuta trei ya herufi, naanza kupanga jina la Babu na miaka yake. Babu hajui kusoma, lakini kila herufi anataka aishike kwanza, aipanguse tope, ndipo anipe. Tunachukua muda wetu. Nalia kwa hasira na sijali anayeniona. Karatasi iliyochapwa inapotoka, wino bado mbichi, naikumbatia.

Nikaamka kumekucha. Mume wangu, Elieza, alikuwa ameketi kitandani akilitazama gauni langu la kulalia.

"Mama Joeli, umelalia nini? Una maandishi kifuani, tena kinyumenyume."

Tukaenda kwenye kioo cha kabati. Elieza akavaa miwani, akasoma taratibu: Chibago Ndahani, miaka 56. Kisha akavua kofia yake ya kulalia, na kabla sijamwambia neno, akakiinamia kioo akasema shikamoo.