Zulia la Sebuleni

Siku niliyolikata zulia la sebuleni, mume wangu alisimama mlangoni na viatu mkononi, akaitazama sakafu tupu, akauliza kama tumeibiwa.

"Tumeibiwa kabichi," nikamjibu. "Misimu miwili mfululizo!"

Mwizi mwenyewe ni nzi mdogo wa kijivu. Hutaga mayai pale shina linapoingia udongoni, kisha funza wake wanashuka kula mizizi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anayelima jirani nasi, alikuwa akipulizia dawa majani, wakati adui yuko chini. Mimi nikauvisha kila mche kola ya zulia, ikabana shina na kufunika udongo, nzi akakosa pa kutagia.

"Shemeji, kabichi zako zinakwenda harusini?" alinitania mbele ya watu. Ulimi uliniwasha, lakini nikainama kuuvisha mche mwingine.

Leo jioni kaja mwenyewe, kanywea. Shamba lake lote limesinyaa. Nikang'oa kabichi yangu moja, nzito kama mtoto aliyeshiba, nikamsogezea mizizi puani: myeupe, mizima, hata tundu moja hakuna. Mume wangu akapiga makofi utadhani zulia alikata yeye.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "hakikubaki kipande kwa msimu ujao?"

"Hata uzi. Lakini si unalo lile lako jekundu la wageni?"

Akajikuna kichwa. "Mke wangu ataniua."

"Mkeo? Mkasi niliokatia zulia langu anao yeye tangu asubuhi."