Uzito wa Ntate Ramatla

Nthatisi alikuwa mezani kwake, katika hospitali ya wilaya huko milimani Lesotho, akila ugali na mboga za majani, Mama Malefu alipoingia na simu mgongoni. Alikuwa ameifunga kwa blanketi kama mtoto. Alipoitua, meza ikalia.

"Mwanangu, tangu juzi nafungua tovuti yenu nipate namba ya gari la wagonjwa. Inakuja picha ya mkurugenzi wenu, Ntate Ramatla. Imefika kwenye nyusi, bando likaisha."

"Na mgonjwa?"

"Mkwe wangu. Amejifungulia zizini. Mtoto hakulia."

Nthatisi, ambaye ndiye aliyeitunza tovuti hiyo, alisukuma bakuli pembeni. Picha ile ilikuwa imewekwa juu kabisa, kama ilivyotoka kwenye kamera, na kadiri uso ulivyoshuka kwenye skrini ndivyo simu zilivyozidi kuwa nzito. Watu wa vijiji vya juu walizibeba kwa punda. Alishamwomba mkurugenzi amruhusu kuibadili iwe WebP, muundo mpya unaoibana picha bila kuiharibu. Alijibiwa kwamba mkurugenzi habanwi.

Safari hii hakuomba. Aliibana, akaishusha chini ya namba. Simu ya Mama Malefu ikapungua uzito pale pale, na ukurasa ukafunguka.

"Kumbe ilikuwa hapa hapa," alisema Mama Malefu. Akaitia simu kifuani, akaondoka bila kuaga.

Ghorofani, Ntate Ramatla alikuwa akiongoza kikao. Alipungua pamoja na picha yake, akainuka kitini, akapaa mpaka kisogo kikagusa dari. Mhasibu alimfunga kifundo cha mguu kwa kamba ya pazia, wakaendelea na ajenda ya chai. Kisha Nthatisi akaitwa.

"Nani kakutuma?" mkurugenzi aliuliza kutoka juu.

"Mtoto wa zizini, Ntate."

"Usinifanyie mafumbo. Nirudishie uzito wangu."

"Watu wanazika wakisubiri paji la uso wako!"

"Wasubiri. Mkurugenzi mwepesi ataheshimiwa na nani?"

"Sirudishi," alisema Nthatisi.

Mhasibu ndiye aliyeirudisha picha, tena kubwa zaidi, mkurugenzi akiwa na suti na tai. Ntate Ramatla alishuka taratibu, akakaa, akaomba sukari. Nthatisi akahamishiwa chumba cha kufulia mashuka.

Malalamiko yalipozidi, bodi ilikutana, ikakubali kwamba watu wa milimani wanateseka kubeba simu. Ikatoa uamuzi siku hiyo hiyo. Sasa kila asubuhi gari la wagonjwa hupanda vijijini kukusanya simu zilizowaelemea wenyewe. Wagonjwa wanaoweza kusimama husaidia kuzipakia, halafu hurudi ndani kulala, maana gari huwa limejaa.