Damu Iliyoitikia Jina la Baba

Baba yangu ni fundi wa kuchomea vyuma, na mtaa mzima unamwita Chuma. Cheche zikimrukia hata hashtuki, lakini mwonyeshe sindano uone jasho linavyomtoka! Basi alipopata homa na kikohozi, na wakati ule virusi vya mapafu vimezagaa kila kona, nilimburuta hadi zahanati ninapofanya kazi. Mama alifuata nyuma, amembebea sweta.

"Mafua tu haya, mwanangu," Baba akanung'unika.

"Damu ndiyo itasema." Mimi ni mkali, sikatai.

Kwetu maabara mtu hamtoi damu mzazi wake. Mwenzangu alikaa chumba cha nje kutoa damu, mimi nikabaki ndani na mashine. Kipimo chenyewe hakitafuti virusi. Kinaangalia vitu vinavyopanda kwenye damu pale mwili unapoanza kuzidiwa, hata kabla mgonjwa hajabanwa na pumzi. Vikiwa chini, unapewa dawa unarudi nyumbani. Vikiwa juu, unalazwa haraka.

Vilikuwa juu mno. Nikarudia kupima, majibu yaleyale. Nikatoka na majibu mkononi nikimwita daktari. Kilikuwa kimebaki kitanda kimoja chenye oksijeni, Baba akapandishwa.

"Kufa sina nafasi," akatania, "nina geti la watu halijaisha."

Daktari akamsikiliza kifua, akampima oksijeni kidoleni, akakunja uso. "Mzee huyu mbona mzima kuliko damu yake?"

Baba akamtazama Mama, aliyekuwa ameegemea mlango. "Mwambie mtoto," akasema kwa sauti ndogo.

"Usifoke, mwanangu," Mama akaanza. "Baba yako alipoiona sindano tu, miguu ikamwisha nguvu. Mwenzako akaita jina la ukoo, nikaitika mimi, nikakaa kwenye kiti. Tunakula pamoja, tunalala pamoja. Nikaona damu zetu zitakuwa na tofauti gani?"

Nilifoka, jamani! Wodi nzima iligeuka. Mtu ana mtoto wa maabara, halafu anafanya hivi! Halafu ndipo nilipomtazama Mama vizuri. Midomo imekauka, kifua kinapanda na kushuka upesi upesi.

"Mama, unaumwa tangu lini?"

"Uchovu tu. Na mimi nikilala, baba yako ataangaliwa na nani?"

Niliogopa sana. Daktari akanishika bega. "Tumewahi," akasema. "Bado pumzi haijamkatika. Mlete hapa."

Baba alikuwa ameshashuka. Alilinyoosha shuka kwa viganja vyake vilivyoungua, akamlaza Mama, akamfunika lile sweta alilokuwa amebebewa yeye. Daktari alipomvisha Mama barakoa ya oksijeni, Baba akakunja mkono wa shati, anatetemeka mwili mzima.

"Nitoeni damu na mimi," akasema. "Nataka kujua kama nitaweza kumuuguza."

Mwenzangu akaja na sindano. Mama akaisogeza barakoa kidogo.

"Usiitazame hiyo," akamwambia. "Nitazame mimi."

Baba akamtazama yeye mpaka sindano ikatoka.