Mpira wa Kwanza

Francis aliegesha gari kando ya uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa Brooklyn Park, akageuka nyuma kumtazama mwanawe.

"Alvin, ukishinda sarafu, chukua mpira. Umesikia?"

Alvin, mwenye miaka kumi na minne, alijibu kwa Kiingereza kwamba kocha alishaagiza: wakishinda, waahirishe. Wapinzani waanze na mpira, wabanwe kwanza, kisha mpira uwe wao baada ya mapumziko.

"Kocha si baba yako. Kina Eliezer wanaingia shifti saa tisa. Wamekuja kukuona ukikimbia, hawakuja kutazama watoto wa wenyewe."

Nkirote, mkewe, alimgeukia kutoka kiti cha pembeni.

"Baba Alvin, unamfundisha mtoto kumkaidi kocha ili marafiki zako wapige video?"

"Mama Alvin, hapa si wodini. Punguza amri."

Unahodha Alvin alikuwa ameupata wiki tatu tu zilizopita, baada ya mwenzake kuvuliwa kwa kutosikia. Kocha yule hakuwa na onyo la pili, na wote watatu mle garini walilijua hilo. Tangu siku hiyo, mtoto alikuwa akiamka mwenyewe asubuhi, bila kuitwa.

Sarafu ilirushwa, Alvin akashinda. Alitazama jukwaani mara moja, akamwambia mwamuzi kwamba wanachukua mpira. Kocha akatupa karatasi zake chini.

Mpira ukaja juu, mrefu. Alvin akaudaka, akamkwepa wa kwanza, wa pili akateleza, wa tatu akabaki na hewa mikononi. Akakimbia nao hadi mwisho wa uwanja, akafunga. Nkirote mwenyewe alijikuta wima akipiga kelele, na baadaye alijichukia kwa hilo.

"Baba Alvin, huyo ni wako kweli!" Eliezer alimpiga Francis kofi la mgongoni. "Ila hiyo mbio kaitoa kwa mamake. Wewe ukifukuza basi unaliaga!"

Wanaume wakacheka, wakapeana mikono, wakaenda zao kazini. Hawakumaliza hata robo ya kwanza.

Chini, Alvin alikuwa amekalishwa mwisho wa benchi, peke yake. Nkirote alishuka ngazi moja kwa moja hadi kwa kocha.

"Nimemuuliza mara tatu nani alimtuma," kocha alisema. "Anasema ni wazo lake."

Nkirote alipanda tena jukwaani. Francis alikuwa akila soseji, haradali imemganda pembeni mwa mdomo, kidole kikituma video kwenye grupu la kanisa.

"Mtoto amejitwisha kosa lako. Shuka ukaseme ukweli."

"Si amefunga? Kocha angeshukuru."

"Shuka, Francis."

Hakuwa amemwita kwa jina lake kwa miaka mingi. Francis aliacha kutafuna.

"Nikajiaibishe mbele ya Mzungu? Nitampigia Jumatatu." Akang'ata tena.

Nkirote alikuwa nesi wa miaka kumi na sita. Alishasafisha matapishi, usaha na vidonda vya kitandani bila kukunja uso. Sasa uso ulimkunjamana wenyewe. Hakutaka kuuona ule mdomo ukitafuna, wala kusikia ile sauti ya kumeza.

Akashuka, akamweleza kocha yote, Alvin akisikia. Kocha akasema anashukuru kujua, ila unahodha ameshampa mwingine. Nahodha anayechezea jukwaa hawezi kumtegemea.

Alvin aliinamisha kichwa hadi magotini.

"Mama, ungeniacha tu. Sasa wote watajua ni Baba."

"Wajue," Nkirote alisema, akakaa kando yake kwenye benchi.