Ufuo wa Nyuma ya Kiwanda

Mgeni wa Kudumu alikuja kulala wiki moja. Mvua zikaja zikaenda, yeye yupo tu chumba cha juu, begi lake la mgongoni limeota ukungu. Asubuhi yuko ufuoni, jioni anazunguka mahekalu, akirudi anawahutubia wenzake waliofika jana. Watalii aliwadharau kupita kiasi. Yeye, eti, ni msafiri. Mama Funguo, mwenye nyumba ile ya wageni, alimsikiliza huku akikunja mashuka, akamwacha na lake.

Balaa lilianza siku alipogundua hekalu dogo la mlimani. Kugundua, jamani! Shangazi yake Mama Funguo alikuwa akienda pale kila asubuhi tangu afiwe na binti yake wa pekee. Anavua viatu, anakaa kizingitini, anazungumza na marehemu kwa sauti, kama walivyokuwa wakipiga soga jikoni: nani kaolewa, nani kamnunia nani. Akirudi nyumbani anakula, analala. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yake.

Mgeni wa Kudumu akamnong'oneza kijana wa chumba cha pili: "Nakwambia wewe peke yako. Watalii hawapajui." Kisha akamwambia wa chumba cha tatu, peke yake. Haukupita muda, ngazi za hekalu zikajaa mabegi. Watu wamekunja miguu, wamefumba macho, na wakifumbua ni kumpiga picha bibi anayeongea mwenyewe. Shangazi akanyamaza, akaacha kwenda. Sahani yake ikawa inarudi jikoni kama ilivyotoka, na Mama Funguo akaanza kuogopa kwamba atazika mwingine.

Akapanda ghorofani. "Mwanangu, pale ni mahali pa shangazi yangu. Waambie wenzako wapaache."

"Mama, hata mimi naumia," akajibu, mkono kifuani. "Watalii wamepaharibu kabisa."

Mama Funguo alimtazama mtu mzima yule, ndevu na shanga, akatamani kumzaba kofi. Akameza hasira. Halafu akafunga mlango, akashusha sauti.

"Basi nitakwambia kitu, lakini kiwe chetu sisi wawili. Kuna ufuo mwingine, nyuma ya kiwanda cha unga wa samaki. Hakuna anayekwenda."

Hapo hakudanganya hata neno. Harufu ya pale hata paka wanaona imezidi.

Mdomo ukamwasha Mgeni wa Kudumu. Kesho yake wote walifunga mabegi, kila mmoja akimficha mwenzake anakokwenda, wote kwa njia moja. Hawakurudi. Muuza samaki alisimulia kwamba wamejenga vibanda, wanavuta pumzi kwa zamu, na harufu ile wanaiita maisha halisi. Mama Funguo alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaziona funguo zote zimening'inia ukutani, vyumba vitupu, kicheko kikamkauka. Hasara alijitakia mwenyewe.

Akamshika shangazi mkono, wakapanda polepole. Hekaluni hapakuwa na mtu, imesahaulika kandambili moja tu. Shangazi akavua viatu, akakaa, akaisogeza kandambili ile pembeni.

"Mwanangu, nilipotea kidogo, nisamehe," shangazi akasema, na hakuwa akisema na Mama Funguo. "Hebu nikuchekeshe na wale waliohamia kwenye samaki."