Kabari Chini ya Mlango

Kabla ya alfajiri, sauti ya kwanza nyumbani mwa mama dobi ilikuwa ya chuma kukwaruza sakafu. Krrr. Kimya. Krrr tena.

"Mama, ni panya au ni wewe?" mkwewe aliuliza kitandani.

"Panya gani ana nguvu hizi? Lala."

Alikuwa amepiga magoti mlangoni, anavuta kabari. Komeo lilivunjika mwaka aliofiwa na mumewe, na tangu hapo kabari ile ya chuma, ambayo marehemu alikuwa akipasulia magogo, ndiyo iliyozuia mlango usifunguliwe na upepo. Sasa ilikuwa imeliwa na kutu. Kichwa chake, kwa kupigwa nyundo miaka mingi, kilikuwa kimefumuka na kujikunja pembeni kama masikio.

Nje, mti ulioangushwa na upepo ulilala kando ya ukuta. Matawi majirani walishayamaliza. Lilibaki gogo, nene kuliko pipa la maji, na shoka lilidunda tu juu yake. Afisa wa mtaa alikuwa amelipaka rangi nyekundu na kutangaza: "Kilichopasuliwa ni kuni, chukueni. Gogo ni mali ya ofisi. Gari linakuja kesho alasiri." Kila mtu alijua magogo ya ofisi huishia wapi: kwa shemeji wa afisa, mwenye kiwanda cha mbao.

Kesho yenyewe ndiyo leo. Na ndani ya beseni, mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa yamelowekwa, yanasubiri kuchemshwa. Mkaa ulikuwa umepanda bei tena. Msimamizi alishasema: yasipofika kesho asubuhi yakiwa meupe, kazi anapewa mwenye mashine. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba nzima.

Kulipokucha akaibeba kabari, akaenda nyuma ya maghala, kwa mhunzi mzee waliyemwita Babu Cheche.

"Hodi, Babu."

"Kama unauliza bei ya chuma chakavu, siuzi."

"Mimi ni mke wa yule mpasua kuni."

Mzee aliacha moto. Akainama chini ya meza, akapekua, akatoa kitu kilichofungwa kwa kipande cha gunia chenye mafuta. Ilikuwa kabari ya pili, ile ambayo mama dobi aliitafuta mpaka uvunguni akadhani imeibwa.

"Mumeo aliniachia niikate masikio. Akasema, nitapita Ijumaa." Mzee aliifuta kwa kiganja. "Sikuiuza."

Mama dobi aliipokea, akaipima uzito mkononi. Kisha akamweleza habari ya gogo, gari na mlango usiokuwa na komeo. "Zinoe midomo tu, Babu. Sina muda."

"Sikupi chuma chenye masikio. Ukipiga, sikio linaruka, linatua jichoni." Akagusa jicho lake lililofumba. "Hili halikudonolewa na kuku."

Akaanza kukata masikio kwa patasi, taratibu. Mama dobi alivuta mivukuto, macho yake nje, kwenye kivuli kilichozidi kufupika. Mzee aliona, lakini hakuharakisha. Alikwangua kutu kwa tupa, akachoma mdomo wa kila kabari mpaka ukaiva, akauchovya majini mdomo peke yake.

"Na kichwa je?"

"Kinachopigwa kila siku usikifanye kigumu. Kinapasuka."

"Nitakulipa nini?"

"Niletee vibanzi vikavu vya kuwashia."

Alirudi mbiombio. Akasimika kabari ya kwanza penye ufa mdogo, akapiga. Vipande vya pembeni vilitoka vizuri, na mkwewe akavikimbiza ndani. Kiini kikagoma. Akaongeza kabari ya pili. Ufa ulitembea hadi katikati, ukasimama. Hapo ndipo honi ya gari la ofisi ikalia, na jua bado liko utosini.

"Weka nyundo chini, mama," afisa alisema akishuka. "Muda umekwisha."

"Ulisema alasiri, mwanangu."

"Alasiri ya ofisi ni gari likifika."

Mama dobi akainua nyundo, akapiga. Akapiga tena. Gogo likalia kwa ndani, likaachana vipande viwili. Majirani wakapiga vigelegele.

"Limeshapasuliwa hilo," mkwe alisema. "Ni kuni sasa."

Afisa alilizunguka polepole. "Lilikuwa gogo moja. Sasa ni magogo mawili. Pakieni! Na vyuma vilivyoharibu mali ya ofisi viko wapi?"

Kimoja mama dobi alikuwa ameshakitumbukiza kwenye beseni lililokuwa mlangoni, chini ya mashuka. Cha pili kilikuwa kimelala miguuni pa utingo wa gari, kijana mwenye viatu vilivyofungwa kwa waya. Utingo akakikanyaga.

"Hapa ni magome tu, mkuu."

Akapakia gogo upande wake bila kunyanyua mguu ule, mpaka wenzake wakamcheka kwamba ameota mizizi. Gari lilipowaka, akaruka juu bila kumtazama mama dobi, na kabari ikabaki pale kwenye magome.

Kuni zilizookolewa zilitosha mashuka haya. Ya wiki ijayo, yatajijua yenyewe.

Jioni, pipa la mashuka likiwa linatokota mbele ya mkwewe, mama dobi alipeleka mzigo wa vibanzi nyuma ya maghala.

"Kichwa hakikupasuka?" mzee aliuliza.

"Hakikupasuka. Gogo wamelichukua."

"Mh." Mzee alinusa kibanzi, akakiweka kando kama kitu cha thamani. Kisha akamsukumia komeo jipya la chuma, bado lina joto. "Kabari si ya mlango."

"Babu, hili nitalilipa na nini?"

Mzee aligeukia moto wake, akauchokoa ingawa ulikuwa unawaka vizuri.

"Mwenzako aliniambia atapita Ijumaa," alisema. "Wewe pita, mwanangu. Hata kama huna chuma. Pita tena."