Majina Yaliyovutwa

Ghada hakutulia tangu aliposikia kwamba treni ya Minya imeacha reli. Mumewe, Wagdi, alikuwa ndani. Gazeti la mtandaoni analofanyia kazi hapo Iskandaria lilikuwa limeshaweka majina: aya ya juu waliookolewa, aya ya chini waliokufa. Akaandika "Wagdi" kwenye kisanduku cha kutafutia. Hakuna. Akaandika tena. Hakuna.

Simu ikalia. Mama mkwe wake.

"Ghada, nimemtafuta mwanangu kwenye gazeti lenu, hayumo! Si kwa wazima, si kwa maiti. Wamemtupa wapi?"

"Tulia, mama."

"Nitulie vipi? Jirani yangu Mama Rifaat ndiye anayenishika hapa. Mwanawe naye hayumo, lakini yeye anacheka, ati alichelewa treni kwa usingizi wake ule."

Wawili hawamo. Ghada akautazama ukurasa kwa jicho la kazi. Kingo zote mbili zilinyooka, wala hakuna neno lililobaki peke yake mstari wa mwisho. Kazi yake mwenyewe hiyo, na juzi tu alikuwa akijigamba nayo. Tangu zamani mafundi wa hati huzivuta herufi za Kiarabu kwa kalamu ili mstari ujae. Yeye aliifundisha tovuti ivute yenyewe, kwa kupachika vistari katikati ya maneno. Jicho la mtu lilisoma Wagdi, lakini mashine iliona vistari, ikasema hayupo.

"Mola wangu, nimefanya nini!" Nchi nzima ilikuwa ikitafuta watu wake na kujibiwa hivyo hivyo. Majina yenyewe yalikuwa mamia, na machozi hayakumwacha asome hata mstari mmoja.

"Naondoa huu mvuto wa herufi," akamwambia mhariri, Bwana Bahgat.

"Ukurasa utakuwa kama meno ya kibogoyo! Watatucheka."

"Na wacheke!"

Akaondoa. Kingo zikavurugika, maneno yakaning'inia moja moja. Akaandika tena jina la mumewe, roho mkononi. Rangi ya manjano ikawaka aya ya juu. Akasoma jina la baba, akasoma la babu. Ndiye.

"Mama! Yuko hai! Yumo kwa waliookolewa!"

Vigelegele vikapasua simu. Ghada alilia kwa sauti mbele ya wanaume wa ofisi, asijali. Kisha sauti nyingine ikaingia, ya kicheko.

"Hongera, mwanangu! Mie Mama Rifaat. Si nilimwambia huyu aache kulia? Haya, niangalizie na wangu, japo najua hakupanda. Rifaat Lamii."

Ghada akaandika. Manjano ikawaka, aya ya chini. Akasoma jina la baba. Akasoma la babu. Ndiye.

"Enhe, niambie," alisema Mama Rifaat, bado anacheka. "Hayumo, siyo?"